Kukodi gari Unguja: Ni suala la mfuko tu?

SHULE zinapokaribia kufungwa mwezi Juni, mazungumzo ya walimu hapa Moshi hubadilika. Habari za mitihani na madaftari ya kusahihisha hupungua, na wenye uwezo kidogo huanza kuzungumzia safari. Mmoja wa wenzetu wa hapa Njoro, mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu, ametia nia ya kumpeleka mkewe na watoto wawili Unguja kwa siku saba. Fedha amezidunduliza kwa miaka mitatu. Mkewe ana maradhi ya magoti. Kila kitu kimepangika isipokuwa jambo moja: wakifika huko, wakodi gari wajiendeshee wenyewe, au watumie usafiri wa watu wote?

Jambo hilo lilizua ubishi barazani baada ya swala ya Alasiri. Mmoja alisema kwamba kukodi gari siku saba katika kisiwa kidogo kama kile ni israfu, na kwamba mwalimu mwenye watoto wanaosoma hana haki ya kuchezea fedha namna hiyo. Mwingine akamjibu kuwa fedha ni ya mwenyewe, ameichuma kwa halali, kukodi ni halali, na dini haikuja kumtesa mtu. Nikaona kwamba mabwana hawa, pamoja na kupandishiana sauti, wanakubaliana kwenye msingi. Wote wawili wanaliona suala hili kuwa ni baina ya mtu na mfuko wake. Mmoja anasema mfuko hauruhusu, mwingine anasema unaruhusu. Mimi nina shaka na huo msingi wenyewe.

Hoja ya israfu haina haja ya maneno mengi. Katika Surat al-Furqan, aya ya 67, Allah (sw) anawasifu waja wake ambao wakitoa hawavuki mpaka wala hawabani mkono, bali hukaa katikati. Katikati ya mtu mmoja si katikati ya mwingine. Mtu aliyeweka akiba miaka mitatu, akalipa madeni yake, asiyemnyima mzazi wala mtoto, akiamua kumstarehesha mkewe kwa siku saba hajafanya israfu kwa sababu tu sisi tuliokaa barazani tungefanya vingine. Tena Unguja si kidogo kama wengi wanavyodhani. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni kilomita 85 hivi, ambayo karibu ni masafa ya kutoka hapa Moshi hadi Arusha, na upana wake ni kilomita 39 hivi pale palipo papana zaidi. Kutoka Mjini hadi Nungwi ni kilomita 60 hivi. Hakuna mwenye magoti mabovu atakayetembea huko kwa miguu.

Swali la kujiuliza ni hili: anayekodi gari anakodi nini hasa? Usafiri upo. Gari za abiria, ziwe zile za mbao wanazopanda watu kwa nyuma au mabasi madogo, zinatoka Mjini kwenda karibu kila pembe ya kisiwa kwa shilingi elfu chache tu. Kwa hiyo anachokinunua mtu kwa bei ile kubwa ya siku moja si kufika, maana kufika angefika. Ananunua kutongoja, kutouliza, kutobanana, kutotegemea ratiba ya dereva wala huruma ya kondakta. Kwa neno moja, ananunua kutomhitaji mtu. Wenye magari wenyewe wanapoyatangaza hulisema hilo waziwazi. Wanauita uhuru.

Hapo ndipo penye mazungumzo. Sheria yetu ina namna yake ya kumtazama msafiri. Katika wale makundi manane wanaopewa zaka, waliotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60, yumo ibn sabil, mwana wa njia. Wanazuoni wanaeleza kuwa msafiri aliyekwama hupewa hata kama kwao ni tajiri, kwani mali iliyo mbali haimfai pale alipo. Maana yake ni kwamba safari imeeleweka tangu zamani kuwa ni hali inayomrudisha mtu kwenye uhitaji. Kwao ana jina, ana jamaa, ana duka la kukopa. Njiani hana. Na kwa kuwa hana, wale anaopita kwao wana wajibu juu yake, naye ana haki juu yao. Wajibu huo na haki hiyo ndivyo vinavyomfanya mtu baki kuwa mgeni.

Pwani yetu ina ushahidi wake. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, akiwa njiani kuja Mombasa na Kilwa, aliikuta ada ambayo ameieleza katika habari za safari zake. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walitoka na mashua ndogo, kila mmoja ana sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa sahani yake mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Mfanyabiashara yule hakushukia ila nyumbani kwa kijana yule, na mwenyeji wake ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyeruhusiwa kushukia popote anapotaka ni yule aliyekwisha kuutembelea mji mara nyingi na kuwajua watu wake. Sisemi vijana wale walikuwa malaika. Walikuwa na faida yao katika biashara ile. Lakini tazama mpangilio: kwanza kujuana, kisha uhuru. Leo tumeugeuza. Msafiri anashuka botini, hajasema na mtu hata mmoja isipokuwa wa mizigo, na jambo la kwanza analokabidhiwa ni ufunguo.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba Muislamu hatakiwi kuwa mzigo kwa watu, na ajilipie mambo yake. Ni kweli, na dalili yake iko katika sira. Abu Bakr (ra) alikuwa amewaandaa ngamia wawili kwa ajili ya Hijra, akiwalisha majani kwa miezi minne. Alipompa Mtume (saw) mmojawapo, Mtume hakukubali kumchukua bure, bali kwa thamani yake, ingawa mtoaji alikuwa sahibu yake wa karibu kuliko wote. Basi kulipa si aibu, na mwenye uwezo wa kulipa alipe. Ila katika safari hiyo hiyo walifanya jambo la pili ambalo tunalipita haraka tunaposoma. Walimkodi mtu. Abdullah bin Urayqit, wa Bani Dil, hakuwa hata Muislamu, bado alikuwa katika dini ya Maquraish. Walimwamini kwa ujuzi wake wa njia, wakamkabidhi wale ngamia wawili, wakawekeana miadi pangoni Thawr baada ya siku tatu, naye akaja kama alivyoahidi na kuwapitisha njia ya pwani. Walilipia kipando, na bado wakamhitaji mtu. Kulipa hakukuwafanya wajione wamemaliza haja ya mwingine.

Sisi wa mkoa huu hilo lisitupe taabu kulielewa. Mlima wetu una mita 5,895, na sheria ya hifadhi hairuhusu mgeni yeyote kuupanda bila kiongozi. Anakuja bwana mkubwa kutoka Ulaya, mwenye viatu vya gharama na ramani nzuri, na ikifika Marangu au Machame anamfuata kijana wa Kichaga anayemwambia pole pole. Hakuna anayeona kwamba bwana yule amedhalilishwa. Pengine hiyo ndiyo sehemu ya safari yake atakayoikumbuka zaidi, maana amekaa siku tano au sita na mtu wa hapa, akajua jina lake na la watoto wake. Na tunawajua pia wale wengine, wanaopita barabara zetu na vioo vimefungwa, ambao kwetu ni vumbi tu. Basi tukivuka bahari, sisi tunataka kuwa akina nani kwa watu wa Makunduchi na Kizimkazi?

Lakini kama suala lingekuwa ni kujuana tu, ningemwachia kila mtu ladha yake. Wapo watu wanyamavu, na kunyamaza si dhambi. Lililo zito zaidi ni la barabarani.

Katika mafundisho ya Mtume (saw) juu ya salamu, aliyepanda humsalimia anayetembea kwa miguu, na anayetembea humsalimia aliyeketi. Kwa nini aliyepanda aanze? Baadhi ya wanazuoni wameeleza kuwa ni kwa ajili ya unyenyekevu, ili kipando kisimfanye mtu ajione. Mimi naongeza maelezo ya mwalimu wa darasani: aliye juu ya kipando ndiye anayeweza kumdhuru mwenzake, kwa hiyo yeye ndiye anayetakiwa kumhakikishia amani. Sasa chukua barabara ya kwenda Nungwi. Inapita Mahonda, Kinyasini, Mkwajuni, na vijiji kati yake, nyumba ziko ukingoni mwa lami, wazee wako kwenye mabaraza, na mchana watoto wa vyuo wanatembea kwa makundi na juzuu zao. Dereva wa gari ya abiria amepita hapo mara elfu. Anajua kona ipi ina ng'ombe, chuo kipi kinafungua saa ngapi, mzee gani hasikii honi. Anajulikana pia. Akikimbiza gari, jioni mtu atamwambia, au atamwambia baba yake. Mgeni mwenye gari ya kukodi hajui lolote katika hayo, wala hakuna wa kumwambia. Usiku yuko hotelini na keshokutwa yuko ndani ya boti.

Tufanye hesabu kidogo. Kilomita 60 kwa mwendo wa 60 kwa saa ni saa nzima. Ukienda kwa 80 ni dakika 45. Umeokoa robo saa, na uko likizo. Robo saa hiyo utaipeleka wapi?

Kwa upande wa pili wa mizani weka hili. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 92, aliyemuua muumini kwa bahati mbaya amewekewa mambo mawili: diya kwa jamaa wa marehemu, ila wakisamehe, na kafara ambayo kwa zama zetu zisizo na mtumwa wa kuacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Mwaka 1993 Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake kilichofanyika Brunei, ililijadili suala la ajali za magari. Msingi wa maamuzi yake ni kwamba dereva anawajibika kwa madhara anayowapata watu na mali zao kutokana na gari anayoiendesha, isipokuwa pale ajali inapotokana na nguvu isiyozuilika, au na kosa la aliyedhurika mwenyewe au la mtu mwingine. Wengi wetu tukisikia ajali tunafikiria bima, na bima inaweza kulipa fedha kwa waliofiwa. Haiwezi kufunga miezi miwili. Ile ni ya mtu mwenyewe, atakwenda nayo Njoro, ataifunga huku anasahihisha madaftari, na kila siku moja katika sitini ataukumbuka uso wa mtoto wa Kinyasini.

Sitii watu hofu bure. Hata wanyama wametozwa bei ya haraka zetu. Barabara ya kusini mashariki, baada ya Tunguu na kabla ya Kitogani, inapita katika msitu wa Jozani, anakoishi kima punju, ambaye kwa asili hapatikani mahali pengine duniani ila Unguja na visiwa vidogo vilivyo jirani nayo. Barabara ile ilipotiwa lami katika miaka ya 1990 magari yaliongeza mwendo, na kima wengi wakawa wanagongwa mpaka ikalazimu kuwekwa matuta. Tuta ni nasaha ya wasiosikia nasaha. Liliwekwa kwa sababu waliopita walijua kabisa kwamba kuna kima, vibao vipo, na bado walikimbia.

Kisha kuna mkataba wenyewe. Wengi hudhani wanakodi kutoka kampuni kubwa isiyo na uso, ambayo mkwaruzo mmoja hautaiumiza. Unguja gari nyingi za kukodi ni za watu binafsi, Escudo au RAV4 ya mtu aliyeiagiza kwa jasho, akaikabidhi kwa wakala ili imlipie ada za watoto. Katika fiqhi, kitu kilichokodiwa ni amana mkononi mwa aliyekodi. Kikiharibika bila uzembe wala kuvuka mpaka, asili ni kwamba halipi. Akizembea au akivuka mpaka, analipa. Mafaqihi wa zamani walitoa mfano wa mnyama aliyekodiwa kubeba mzigo maalumu, mkodi akauzidisha na mnyama akafa, au aliyekodiwa kufika mji fulani akapelekwa mbele zaidi. Geuza mnyama kuwa gari na utayaona ya leo: umekubaliana kutembea barabarani, wewe ukaipeleka mchangani ufukweni kwa ajili ya picha, maji ya chumvi yakaingia chini, ukaiosha, ukairudisha inang'aa. Mwenyewe atagundua kutu baada ya miezi minne, na wewe hutakuwepo. Dhamana uliyorudishiwa siku ile, je, ni yako? Jibu unalo.

Wakala naye ana mtihani wake. Wapo wanaoandika katika karatasi kuwa mkodi atalipa kila kinachoharibika, kwa sababu yoyote ile. Sharti la namna hiyo wanazuoni wamelitofautiana, na wengi wao hawakulikubali, kwa vile linageuza amana kuwa deni. Muislamu anayekodisha ajiulize kama anachokula hapo ni kodi ya gari yake au ni bahati mbaya ya mwenzake. Tena asiyehakikisha vibali vyake kabla ya kushika usukani atajikuta kwenye kizuizi akitafuta noti ya kukunja. Laana ya rushwa inamgusa mtoaji pia, na hiyo "chai" ataiingiza kwenye hesabu ipi ya safari?

Narudi kwa mwenzetu. Aliponiuliza nami nina rai gani, alikuwa na hoja moja ambayo mabwana wa barazani hawakuigusa. Alisema, "Mwalimu, mimi ningepanda chochote. Lakini mama watoto hawezi kuinua goti kuingia gari ya mbao, na sipendi abanwe katikati ya wanaume." Hoja hiyo nzito naiheshimu. Ni kweli kwamba katika gari za abiria makondakta na abiria wenyewe mara nyingi huwapanga kinamama pamoja, watu wa visiwani wana haya zao. Lakini goti halina adabu za kupangwa. Anayemwambia mgonjwa avumilie ili mumewe apate fadhila za kuchanganyika na watu, anajenga utukufu wake juu ya maumivu ya mwingine.

Nilichomwambia ni akodi, na akodi na dereva wake. Si siku zote saba. Siku mbili tatu, ambazo mama atataka kwenda mbali. Dereva wa pale analeta vyote nilivyovitaja ambavyo pesa ya gari peke yake haileti: anaijua njia, anajulikana njiani, riziki inaingia nyumba ya pili mbali na ya mwenye gari, na mama watoto atapata wa kumuuliza huu ni mti gani. Mwenzetu aliguna kidogo, akasema dereva ni gharama juu ya gharama, tena mtu baki ndani ya gari na familia hawezi kuzungumza. Nikamwambia la kwanza ni kweli, ndiyo maana siku zipunguzwe. La pili, Abu Bakr (ra) naye alikuwa na siri nzito kuliko zetu siku ile, na mtu baki akawa mbele yao.

Ila ijara ya mtu ina haki zake kuliko ijara ya chuma. Katika Surat al-Qasas, aya ya 27, yule mzee aliyemwajiri Musa (as) alitaja muda waziwazi, miaka minane, na kumi ikiwa ni hiari, kisha akasema kuwa hataki kumtia mashakani. Nimemsihi mwenzetu afanye vivyo hivyo kabla ya kuwasha gari: wataondoka saa ngapi, watarudi saa ngapi, mafuta ni ya nani, wakichelewa saa ya ziada italipwa kiasi gani. Dereva atakula wapi, maana nimesikia za watu wanaokaa Nungwi saa tano wakila samaki na dereva yuko juani amelala kwenye usukani. Wakati wa Adhuhuri ukifika, gari lisimame kwenye msikiti wowote wa kijijini, na si lazima uwe uleule ulioandikwa katika vitabu vya watalii.

Siku zilizobaki watakaa Mjini, ambako vichochoro vyenyewe havipitishi gari. Mama atakaa barazani kwa wenyeji wao na kupumzisha magoti. Watoto wawili wa kiume, mmoja kidato cha tatu na mwingine cha kwanza, baba yao ameamua siku moja awaache wapande gari ya abiria wenyewe mpaka Makunduchi na kurudi, wakiwa na nauli, chupa ya maji na maagizo ya kumuuliza mtu mzima pa kushukia. Mama yao bado hajakubali.